Kununua jumba la kifahari kando ya uwanja wa gofu pwani ya Kenya: mwongozo wa mnunuzi

Anayenunua jumba kando ya uwanja wa gofu hulipa bei ya vitu viwili na kupewa hati ya kimoja. Hati yake itataja nyumba na kipande cha ardhi ilichosimama, lakini sehemu kubwa ya fedha alizotoa imelipia kile asichokimiliki: nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya baraza, uwazi usiozibwa na ghorofa la jirani, utulivu wa jioni na jina la mtaa lenye heshima. Siku uwanja ukikauka, ukiuzwa au ukibadilishwa matumizi, nyumba itabaki ilivyo na thamani itaondoka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unamtaka mnunuzi aukague uwanja kwa makini yale yale anayoyatumia kukagua paa na kuta, na ikiwezekana aukague kwanza.

Mifano yangu ni ya pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi, ambako majumba ya aina hii hutangazwa kila msimu kwa Wakenya wa bara, kwa wenzetu waliohamia Ghuba, Uingereza na Marekani, na kwa wageni wanaotafuta makao ya uzeeni.

Uwanja kwanza

Swali la mwanzo kabisa ni nani mwenye uwanja. Pwani kuna klabu kongwe zinazoendeshwa na wanachama wake, kama ile ya Nyali, na kuna mitaa mipya ambamo mstawishaji mmoja alinunua ardhi kubwa, akajenga uwanja, kisha akaanza kuuza viwanja na majumba pembezoni mwake. Mfano unaojulikana zaidi wa aina hii ya pili ni Vipingo Ridge, kati ya Mtwapa na Kilifi, kwenye ardhi ya ekari zipatazo 2,500 iliyokuwa sehemu ya mashamba ya mkonge. Uwanja wake wa Baobab uliundwa na David Jones, mchezaji na mbunifu kutoka Ireland ya Kaskazini, na mwaka 2019 ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya wanawake ya Kenya Ladies Open, yaliyoshindwa na Mjerumani Esther Henseleit. Mashindano ya kiwango hicho yana maana kwa mnunuzi hata kama hajawahi kushika kijiti cha gofu, kwa sababu hayaletwi mahali ambapo nyasi haziangaliwi, na wenye uwanja hulazimika kuutunza mwaka mzima.

Katika klabu ya wanachama, uwanja hautegemei mauzo ya nyumba. Huendeshwa kwa ada za wanachama, na kuuza ardhi yake huhitaji wanachama wenyewe wakubaliane. Katika mtaa wa mstawishaji mambo ni tofauti: uwanja ulijengwa ili viwanja viuzike, na viwanja vikishaisha, yule aliyekuwa akiulipia huwa hana tena sababu ya kibiashara ya kuulipia. Sisemi kwamba mitaa hii haifai. Nasema kwamba mnunuzi anapaswa kuuliza, na kujibiwa kwa maandishi, uwanja utamilikiwa na nani baada ya kiwanja cha mwisho kuuzwa na gharama zake zitatoka mfuko gani.

Majibu ya wakala wa mauzo hayatoshi hapa. Sajili ya ardhi ni ya umma, na mtu yeyote anaweza kuomba taarifa za kipande chochote alimradi ana namba yake. Mwambie wakili wako afanye upekuzi wa vipande viwili: cha nyumba unayoitaka na cha uwanja wenyewe. Namba ya kipande cha uwanja hupatikana kwenye ramani ya upimaji inayoonyesha majirani wa kiwanja chako, na mpimaji ardhi yeyote aliyesajiliwa anaweza kukusomea ramani hiyo kwa muda mfupi. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, kwa hiyo pale ambapo rekodi hazijaingizwa humo, wakili huenda mwenyewe kwenye ofisi ya sajili ya kaunti. Upekuzi wa kipande cha uwanja ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kinachonunuliwa, na bado wanunuzi wengi hawaufanyi, jambo linalonisikitisha kila ninapolisikia.

Katika matokeo ya upekuzi huo tazama kama kuna rehani. Ikiwa ardhi ya uwanja imewekwa dhamana benki na mkopo ukashindwa kulipwa, benki ina haki ya kuiuza, na mnunuzi mpya halazimiki kupenda gofu. Tazama pia kama kuna sharti lililosajiliwa kwamba ardhi hiyo ibaki kuwa ya wazi au ya michezo. Sharti lililoandikwa kwenye kitabu chenye picha nzuri ni ahadi tu, lakini lililosajiliwa dhidi ya hati humfunga hata mmiliki atakayefuata. Mwisho, uliza kaunti ardhi hiyo imetengewa matumizi gani. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji kibali cha kaunti na umma kujulishwa, kwa hiyo jirani makini hupata nafasi ya kupinga kabla matrekta hayajafika.

Jambo la mwisho kuhusu uwanja ni maji. Uwanja wa mashimo 18 katika joto la Januari na Februari unaweza kunywa mamia ya maelfu ya lita kwa siku, na pwani maji hayo mara nyingi hutoka kwenye visima vilivyochimbwa. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya bahari huingia chini kwa chini kujaza nafasi iliyoachwa. Nyasi za jamii ya paspalum huvumilia chumvi kiasi, na ndiyo maana wabunifu wa viwanja vya pwani huzipenda, lakini bomba la jikoni mwako na mwembe wako havivumilii. Omba kuonyeshwa kibali cha kuchota maji kinachotolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, uliza kama nyumba na uwanja vinatumia chanzo kimoja, na nani hukatiwa kwanza maji yanapopungua. Kisha fungua bomba mwenyewe na uyaonje.

Mahali nyumba ilipokaa

Majumba mawili ya ramani moja na bei moja yanaweza kutofautiana kama usiku na mchana kulingana na yalivyopangwa kando ya njia ya mchezo. Sababu ni tabia ya mpira. Wachezaji wengi wanatumia mkono wa kulia, na kosa linalowasumbua zaidi wasio mahodari ni mpira kupinda kuelekea kulia. Mwanamume wa kawaida asiye mtaalamu hupiga mpira wa kwanza umbali wa takribani mita 200. Ukiunganisha mambo haya mawili utaona kwamba nyumba inayopigwa zaidi ni ile iliyo upande wa kulia wa njia, mita 170 hadi 220 kutoka mahali pa kuanzia kupiga, hasa kwenye mashimo marefu (shimo, kwa lugha ya gofu, ni njia nzima hadi kwenye tundu la mwisho) ambako kila mtu hutumia nguvu zake zote. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93, lakini ni mgumu na huruka kwa kasi kubwa kuliko magari mengi barabarani. Huvunja kioo, huacha shimo kwenye bati la alumini, na unaweza kumjeruhi vibaya mtoto anayeogelea.

Pale shimo linapopinda, nyumba zilizo upande wa ndani wa kona huwa hatarini zaidi, kwa kuwa wachezaji wenye nguvu hujaribu kukata kona juu ya mapaa yao. Upepo nao huongeza yake. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo nyumba iliyo salama mwezi wa Februari inaweza kuwa inapokea mipira mwezi wa Julai. Muulize wakala njia ya shimo hilo inaelekea upande gani, kisha ufikirie mwenyewe kusi itausukuma mpira wapi.

Njia ya kuhakiki haya yote ni rahisi na haihitaji utaalamu. Nenda hadi mwisho wa bustani, pale nyasi za nyumba zinapokutana na nyasi za uwanja, uinamishe matawi ya ua na uangalie chini yake. Mipira miwili mitatu iliyopauka kwa jua ni jambo la kawaida. Ukikuta kumi na zaidi, na baadhi yake ingali myeupe inayong'aa, geuka uitazame nyumba kutoka hapo uliposimama: utaanza kuona vigae vilivyobadilishwa ambavyo rangi yake haijafifia kama ya wenzake, alama za duara ndogo kwenye lipu ya ghorofa ya juu, na wavu wa dirisha uliotobolewa mahali pamoja. Kisha zungumza na mtunza bustani, kwa adabu na bila haraka, umuulize huokota mipira mingapi kwa wiki. Huyo hana kamisheni katika mauzo, na mara nyingi atakuambia pia bomba lipi limepasuka.

Mahali ninapopapendelea mimi ni upande wa kushoto wa njia iliyonyooka, mbele kidogo ya pale mipira ya kwanza inapoangukia, nyumba ikiwa imeinuliwa juu ya kingo. Huko mandhari hayazibwi, mipira ni michache na mazungumzo ya wachezaji husikika kwa mbali. Nyumba iliyo karibu na grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka tundu, ina mandhari mazuri kuliko zote, na ndiyo huuzwa ghali, lakini mashine za kukata nyasi hufika pale kabla jua halijachomoza kila siku, hata Jumapili, na vinyunyizio vya usiku vinaweza kulowesha baraza lako. Iliyo nyuma ya mahali pa kuanzia kupiga haipigwi na mipira, ila wenyeji wake huamka na sauti za watu wanaotaniana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa hiyo kaa kwenye nyumba husika kuanzia alfajiri hadi saa tatu angalau asubuhi moja ya Jumamosi kabla ya kutoa ahadi yoyote.

Madimbwi ya uwanja yanapendeza kwenye picha. Uliza kama yana samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu na kama maji yake yanazunguka, kwa kuwa malaria bado ipo ukanda huu. Tazama pia kimo cha ukingo wa dimbwi ukilinganisha na sakafu ya nyumba: wakati wa masika, Aprili na Mei, maji ya uwanja mzima hushuka mahali fulani, na mpimaji anaweza kukueleza kama mahali hapo ni sebule yako.

Nyumba yenyewe na hewa ya chumvi

Hapa sitakaa sana, maana ukaguzi wa nyumba ya kifahari pwani haubadiliki kwa sababu ya gofu, lakini kuna mambo yanayowapita watu wa bara. Chuma hakipendi bahari. Tazama bawaba za milango, skrubu za fremu za madirisha na miguu ya mashine za viyoyozi zilizo nje. Kutu ikiwa imeanza hapo, chuma kilichomo ndani ya zege huenda nacho kinaanza kuvimba, na nyufa ndefu zinazofuata mstari wa nguzo au boriti ni dalili yake. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya saruji nzito huhifadhi unyevu na kutoa chumvi nyeupe, wakati lipu ya chokaa, ambayo mafundi wa pwani wameitumia kwa karne nyingi, huuacha ukuta upumue. Ukiona rangi mpya iliyopakwa juu ya ukuta mmoja tu kati ya minne, ligonge lipu kwa vidole na usikilize.

Paa la makuti ni zuri na lina baridi, nami siwezi kumkataza mtu kulipenda, ila linahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kampuni za bima hulitoza zaidi au hulikataa kwa sababu ya moto. Pata bei ya bima kwa maandishi kabla ya kutia saini, na katika bima hiyo uhakikishe kioo kilichovunjwa na mpira wa gofu kimetajwa. Mchwa, mfumo wa maji taka, umri wa betri za sola na hali ya pampu ya bwawa ni vya mhandisi. Mlipe akupe ripoti.

Hati, muda na uraia

Wakala aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba anaweza kukusaidia kupata jumba, lakini hati humfikia mnunuzi kupitia wakili, na wakili huyo awe wako peke yako. Wakili wa mstawishaji anayejitolea kushughulikia pande zote mbili ili kupunguza gharama ana mteja mwingine aliyemtangulia kumlipa.

Jambo la kwanza wakili atakalolitazama ni aina ya umiliki. Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa njia ya kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hati za zamani za miaka 999, au za umiliki usio na kikomo zilizokuwa mikononi mwa wageni, zilishushwa na Katiba hiyo hiyo hadi miaka 99. Ukinunua kutoka kwa mgeni, basi, hesabu miaka iliyobaki, usisome tu ile iliyoandikwa mwanzo. Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine bila kuupoteza wa Kenya bado ni raia kwa mujibu wa Katiba, na anapaswa kuwa na karatasi za kuthibitisha hivyo kabla mkataba haujaandikwa.

Katika mitaa ya gofu mara nyingi mnunuzi hapewi ardhi moja kwa moja. Hupewa mkataba mdogo wa kukodisha kutoka kwa kampuni inayomiliki ardhi yote, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Muulize wakili mambo matatu juu ya mpangilio huu: muda wa mkataba mdogo unaisha lini ukilinganisha na hati mama, yaani ile ya ardhi yote, hisa hiyo ina kura yenye uzito gani, na je, nyumba inaangukia chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyobadilisha namna vitengo vya aina hii vinavyosajiliwa.

Kisha kuna suala la shamba. Ardhi nyingi ya pwani iliyogeuzwa kuwa viwanja vya gofu iliwahi kuwa ya kilimo, na kama sajili bado inaitambua hivyo, mauzo yanahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Idhini huombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa saini, na bila hiyo mkataba hauna nguvu kisheria. Asiye raia haipati kabisa isipokuwa kwa msamaha maalumu. Kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi ni karatasi inayopaswa kuonekana kwa macho, nakala yake ikiwa na muhuri. Muuzaji aliye na ndoa anahitaji ridhaa ya mwenzi wake, na uthibitisho wa kulipa kodi ya ardhi na ada za kaunti ni lazima uambatishwe. Ukanda wa pwani una malalamiko ya ardhi ya tangu enzi za ukoloni, baadhi yakiwa hayajapata suluhu hadi leo, kwa hiyo wakili makini hatosheki na sajili. Huenda pia kwa chifu na kwa majirani kuuliza kama kuna familia au kesi inayodai kipande hicho.

Aliye Muscat, Doha au Minneapolis na hawezi kusafiri humpa mtu hati ya uwakili, iliyotiwa saini mbele ya mthibitishaji rasmi na kusajiliwa nchini Kenya. Ushauri wangu ni kwamba mwenye hati hiyo apewe mamlaka ya kutia saini tu, na fedha zipite katika akaunti ya wateja ya wakili bila kugusa mkono wa ndugu wala rafiki. Undugu mwingi umevunjika kwa sababu ya kiwanja, na hesabu iliyo wazi humlinda pia ndugu mwaminifu.

Ada ya huduma na masharti ya mtaa

Tuchukue jumba la shilingi milioni 60 lenye ada ya huduma ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Ada hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwaka, yaani asilimia moja ya bei, na kwa miaka kumi ni milioni sita hata kama haitapanda, na hupanda. Omba hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya usimamizi za miaka mitatu iliyopita, na uzisome ukitafuta mistari miwili. Wa kwanza ni madeni ya wakazi wasiolipa, kwa sababu wasipolipa wao utalipa wewe. Wa pili ni mchango wa mtaa katika kutunza uwanja wa gofu. Mahali pengine wakazi hawachangii chochote kwa uwanja, jambo linaloonekana jema hadi mwenye uwanja atakaposhindwa. Mahali pengine huchangia sehemu kubwa bila kuwa na sauti yoyote katika uendeshaji wake. Mchango mdogo ulioandikwa, ukiambatana na kiti katika kamati, ndio mpangilio ninaouamini.

Usidhani kwamba nyumba imekuja na uanachama wa klabu. Uliza kama uanachama umo katika bei, kama unamhusu mume na mke na watoto, ada yake ya mwaka ni kiasi gani, na zaidi ya yote kama unahamishika nyumba itakapouzwa. Uanachama usiohamishika humlazimisha mnunuzi atakayefuata kulipa kiingilio kipya, naye atakipunguza katika bei atakayokupa.

Masharti ya mtaa huandikwa kwenye kitabu kinene ambacho wachache hukisoma. Humo ndimo utakapokuta kwamba mwenye nyumba amekubali kutodai fidia kwa mipira inayoingia kwake, kwamba haruhusiwi kujenga ukuta wala kuweka wavu upande wa uwanja, kwamba miti isizidi kimo fulani, na kwamba rangi ya nje huchaguliwa na kamati. Yanayohusu mipira na wavu yasome pamoja na ulichokiona chini ya ua, maana nyumba inayopigwa sana na isiyoruhusiwa wavu haina tiba. Kama nia ni kupangisha watalii kwa siku chache chache, hakikisha masharti yanaruhusu na uulizie leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Majumba ya aina hii yakipangishwa hujaa Desemba na Pasaka, na miezi ya masika hukaa kimya, kwa hiyo hesabu ya mapato ipigwe kwa mwaka mzima.

Bei, malipo na makabidhiano

Mthamini aliyesajiliwa, uliyemchagua wewe, akupe thamani mbili: ya nyumba jinsi ilivyo, na ya nyumba hiyo hiyo kama isingetazamana na uwanja. Tofauti kati ya namba hizo ndiyo fedha unayoilipa kwa ajili ya uwanja, na inapaswa kuendana na uimara wa yale uliyoyakuta kwenye sajili. Kama uwanja una rehani na hauna sharti lolote lililosajiliwa, jadili bei ukianzia thamani ya pili.

Mkataba ukitiwa saini, mnunuzi kwa kawaida hutoa asilimia 10, ambayo ikae kwa wakili wa muuzaji kama amana isiyoguswa hadi mauzo yakamilike, na muda wa kukamilisha kwa desturi ni siku 90. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia nne ya thamani katika maeneo ya mji na asilimia mbili nje ya mji, ukihesabiwa juu ya thamani anayoikubali mthamini wa serikali. Kwa jumba letu la milioni 60 ni milioni 2.4 au 1.2, kwa hiyo inafaa kujua mapema ardhi imeorodheshwa upande gani. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, lakini asipoilipa uhamisho hausongi mbele. Wakili wako aulizie risiti yake mapema.

Kabla salio halijatolewa, rudia upekuzi wa vipande vyote viwili, kwa sababu zuio au rehani inaweza kusajiliwa ndani ya siku hizo 90. Siku ya makabidhiano pita chumba kwa chumba ukiwa na orodha ya vitu vilivyouzwa pamoja na nyumba, andika namba za mita ya umeme na ya maji, washa kila kiyoyozi, na upige picha za kila kioo kinachotazama uwanja huku tarehe ikionekana. Bima ianze saa sita ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Hisa ya kampuni ya usimamizi na uanachama wa klabu viandikwe kwa jina lako siku hiyo hiyo, na kama kuna karatasi isiyokuwa tayari, mawakili wazuie sehemu ya salio hadi itakapoletwa.